Mafundi wa Dar, acheni kutoa vitu kwenye magari yetu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wenye magari ya zamani, hasa sisi vijana wa namba B na namba C (herufi za pleti za zamani), tunaibiwa gereji mchana kweupe na tumezoea mpaka wizi tunauita ufundi.

Gari langu ni IST ya 2004, injini 1NZ, lita moja na nusu, namba C, na mimi ni mkono wa tatu. Kwa kipato changu hilo ndilo gari na nalipenda. Nimelivalisha rimu za inchi 16, nimeweka redio ya maana, siti nimezishonesha upya. Kila kitu nimekifanya kwa kudunduliza, mwezi huu kile, mwezi ujao hiki. Kwa hiyo mtu akiligusa bila ruhusa yangu, amegusa jasho langu.

Nililipeleka gereji kubadilisha bushi za mbele na stabilaiza linki, basi. Spea nilinunua mwenyewe Kariakoo, nikawakabidhi, nikaenda kibaruani. Jioni nalichukua, kugonga kumeisha kweli, ila bomba la moshi linaunguruma kwa namna ambayo silijui. Namuuliza fundi, ananijibu, "Bosi, hiyo ni kawaida, gari limefunguka." Limefunguka kutoka wapi, wakati mimi nilileta bushi?

Baadaye nikaenda kwa fundi mwingine mwenye shimo la kukagulia gari kwa chini, mzee mmoja mtaratibu. Akaniita nishuke niangalie mwenyewe. Bomba zima lina kutu nyekundu ya miaka, isipokuwa sehemu moja yenye mstari wa kulehemu ambao bado unang'aa, kutu haijaugusa. Akagonga kopo la masega, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye bomba, kwa spana, likalia kama debe tupu. Akanitazama tu, hakuwa na haja ya kusema. Walikata, wakachomoa masega yote, wakarudisha ganda na kulichomelea ili kwa juu juu lionekane zima.

Kwa asiyejua, ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani yanayopakwa kidogo kidogo ili moshi wa sumu usafishwe kabla haujatoka. Ndiyo maana kuna watu wanapita gereji kwa gereji kuyanunua. Mimi nilimlipa fundi hela ya kufunga bushi, naye akajilipa tena kwa kuuza kitu changu. Niliporudi kumuuliza, akasema yalikuwa yameziba, wakatupa. Nikamwambia nionyeshe mlikotupa. Akaanza kupigapiga simu.

Halafu kuna wale mnaosema, "Dogo, masega hayana kazi Bongo, toa gari lipate nguvu." Acheni kudanganya watu. Masega yakiziba kweli, yanabana moshi na gari linakosa pumzi, hapo mwenye gari anaambiwa, anaamua, na mzigo uliotolewa ni wake. Masega mazima hayakunyimi nguvu ya kuhisi kwenye foleni ya Ubungo. Unachopata ni kelele, harufu ya moshi kabini ukisimama na vioo wazi, na taa ya chek injini kwa gari lenye sensa mbili za moshi, moja kabla ya masega na moja baada, kwa sababu sensa ya nyuma inaona moshi ule ule unaoonekana na sensa ya mbele. Na hapo kuna mafundi umeme wanaochukua hela nyingine kuua taa kwenye dashibodi! Angalieni magari yenu leo: washa swichi bila kupiga stata, taa ya chek injini lazima iwake. Isipowaka, kama si balbu imeungua, huenda kuna mtu amekuficha kitu.

Nikadhani yameishia kwenye masega. Nikamwambia yule mzee aangalie na mambo mengine, maana kuna jambo lilikuwa likinisumbua muda mrefu. IST haina mshale wa joto, ina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, kisha inazima. Yangu asubuhi ilikuwa inawaka kutoka Kimara mpaka nakaribia Ubungo. Watu walikuwa wananiambia ni sensa. Mzee akafungua nyumba ya thamostati, kile kivalvu cha maji ya kupozea injini, ndani hamna kitu. Tupu! Kuna mtu zamani aliitoa, pengine kwa mwenye gari aliyenitangulia, na lazima alimwambia maneno ambayo sote tumeshayasikia: "Hii ni ya nchi za baridi, Dar kuna joto."

Wakuu, hili jibu linanikera kuliko hata wizi wenyewe, maana linasemwa kwa kujiamini na mtu mzima mwenye miaka kibao kwenye kazi. Thamostati haiangalii joto la Dar, inaangalia joto la maji ndani ya injini. Ya 1NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Chini ya hapo inafunga ili injini ipate moto haraka, juu ya hapo inafungua maji yaende kwenye radieta. Ukiitoa, maji yanapita kwenye radieta muda wote, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Mimi nilikuwa nalalamikia ulaji wa mafuta, nikabadilishiwa plagi, nikasafishiwa nozeli, nikaambiwa nibadilishe pampu. Kote huko nimelipa. Kilichokosekana ni kidude kinachoenea kiganjani.

Na gari likichemsha, sababu ziko nyingi za kutafuta: radieta imeziba, feni haizunguki, mfuniko wa radieta umechoka, kuna sehemu inavuja. Kutafuta kunataka akili na muda. Kutoa thamostati ni dakika chache na mteja anaondoka anacheka. Wiki ijayo anarudi na gasketi ya silinda hedi.

Maji nayo. Radieta yangu ilikuwa imejazwa maji ya kisima. Visima vingi vya huku kwetu mnajua vina chumvi, hata chai ukipikia unaisikia. Hayo ndiyo yanawekwa kwenye injini yenye hedi ya aluminiamu, kisha tunashangaa kutu kahawia ikitoka ukifungua mfuniko. Kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, ipo madukani. Ukiona ghali, angalau nunua maji yasiyo na chumvi mpaka upate hela.

Oili ni vile vile. "Gari la zamani linataka oili nzito, weka ishirini hamsini (20W-50)." Injini hii inatumia 5W-30, oili nyepesi, na VVT-i yake, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, inafanya kazi kwa presha ya oili kupita kwenye vijitundu vyembamba. Oili nzito inachelewa kufika huko, hasa asubuhi. Kama injini inakula oili, niambie inakula oili na kwa nini. Usinifunikie ugonjwa kwa uzito wa oili.

Kwa vijana wenzangu wa kushusha magari, na hapa sitawaonea haya: fundi anayekuambia tukate springi ili gari lilale chini ni wa kundi hili hili. Zipo springi fupi, na zipo shokapu za kuendana nazo. Springi iliyokatwa kwa greinda haikai vizuri kwenye kikombe chake, shokapu inagonga mwisho kila tuta, tairi linasugua bodi ukikata kona na abiria nyuma. Subiri uwe na hela. Rimu nzuri juu ya springi nzima inapendeza vya kutosha.

Najua watakuja kusema, "Vijana mnataka bei chee, rahisi ghali." Hapana. Mimi sikuomba punguzo. Nililipa bei niliyotajiwa, spea nikaleta mwenyewe tena nikazikagua dukani. Umaskini wangu haukumpa mtu ruhusa ya kukata bomba langu. Wala sisemi mafundi wote, yule mzee wa shimo amenitoza hela ya kawaida na kila alichofungua aliniwekea juu ya gazeti nikione. Tena VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti, kwa hiyo kisingizio cha kwamba fundi wa mtaani hawezi kupata cheti hakina mashiko.

Ninachotaka ni hiki: fundi usitoe kitu kwenye gari la mtu bila kumpigia simu. Ukikitoa kwa idhini yake, mpe akiweke kwenye buti, hata kama ni takataka, ni takataka yake. Na uandike risiti, hata ya mkono, useme umefanya nini. Mimi sasa hivi silazi gari gereji na siondoki boneti ikiwa wazi. Fundi asiyetaka nisimame pembeni, nafunga boneti naondoka.

Thamostati nimeshaweka mpya, na ile taa ya bluu inazima kabla sijafika Kimara Korogwe. Bado masega. Mwenye kujua sehemu wanauza mazima ya IST, yaliyotoka kwenye gari lililokatwa na si kopo tupu lililopakwa rangi, aniambie ni mtaa gani na bei inaanzia ngapi. Na kama nawe umekatiwa, taja hapa ilikuwa kazi gani uliyopeleka gari, watu wajue wanaanzia wapi kuwa macho.