Sudo bila nenosiri: NOPASSWD, kuongeza muda au doas?

kitasa: Wakuu, leo nataka kumalizana na sudo (amri ya Linux ya kuendesha amri nyingine kama root, yaani msimamizi mkuu) inayoniuliza nenosiri kila mara. Nimebaki na njia tatu: NOPASSWD (kuruhusu amri fulani bila nenosiri), kuongeza timestamp_timeout (muda ambao sudo hukumbuka nenosiri), au kuhamia doas (mbadala wa sudo). Ipi bora?

fundi_seva: Hujasema ni mfumo gani, laptopu au seva, na amri zipi hasa. Kuna mwingine anayeingia kwenye mashine hiyo? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

kitasa: Samahani mkuu. Ubuntu 24.04, laptopu, natumia peke yangu. Ni `apt update`, `apt upgrade` (za kusasisha vifurushi) na skripti ya kunakili data, `~/bin/nakala.sh`, inayoendeshwa na cron (kiendesha kazi kwa ratiba).

mizizi: Hiyo ya cron haihitaji sudo kabisa. Fungua `sudo crontab -e`, iweke kwenye crontab (orodha ya kazi za cron) ya root. Lakini iondoe kwanza nyumbani kwako: ipeleke `/usr/local/sbin`, kisha `chown root:root` na `chmod 755`. Skripti unayoweza kuihariri mwenyewe ikiendeshwa na root, basi programu yoyote iliyoingia kwenye akaunti yako nayo imeshakuwa root.

fundi_seva: Kwa apt, tumia NOPASSWD yenye amri kamili. Fungua faili la kanuni za sudo kwa `sudo visudo -f /etc/sudoers.d/apt-kitasa`, halafu andika:

`kitasa ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/apt update`

Ukiandika `/usr/bin/apt` tupu, umeruhusu hoja zozote, pamoja na `apt install ./chochote.deb`, na kifurushi huendesha skripti zake kama root. Jina la faili lisiwe na nukta: `apt.conf` itarukwa bila onyo. Usiiweke pia juu ya mstari wa `%sudo` (kundi la sudo) kwenye faili kuu, `/etc/sudoers`, kwa sababu kanuni ya mwisho inayolingana ndiyo inayoshinda, na nenosiri utaendelea kuulizwa.

subira: Na `upgrade` je? dpkg (inayosakinisha vifurushi kwa niaba ya apt) ikikuta faili la usanidi limebadilishwa, huuliza ufanye nini, na jibu Z linafungua sheli (sehemu ya kuandikia amri) ya root. Kumpa mtu `apt upgrade` bila nenosiri ni kumpa mashine nzima. Mimi nasimama na muda:

`Defaults:kitasa timestamp_timeout=60`

Hizo ni dakika. Ukimaliza kazi mapema, `sudo -k`. Usiweke namba hasi, ruhusa haitaisha hadi uwashe mashine upya.

doas_tu: Yote hayo ya nini? doas ilitoka na OpenBSD 5.8 mwaka 2015, na mstari wake mmoja unasomeka:

`permit nopass kitasa as root cmd /usr/bin/apt args update`

Kagua kwa `doas -C /etc/doas.conf`.

mizizi: Mwambie basi kwamba ataandika `doas /usr/bin/apt update` kila mara. Njia hulinganishwa herufi kwa herufi, `doas apt update` itakataliwa.

kitasa: Nimejaribu NOPASSWD, inapita. Ila visudo inafungua nano, naweza kupata vim?

mizizi: `sudo update-alternatives --config editor`. Usimruhusu mtu vim kwa NOPASSWD, `:!sh` inatosha kumfikisha root.

fundi_seva: "Inapita" huenda ni kwa sababu nenosiri la awali bado linakumbukwa. Pima hivi: `sudo -k; sudo -n apt update`. Kwa `-n` itashindwa papo hapo badala ya kuuliza.

Na tafadhali, asije mtu akaleta `chmod 777 /etc/sudoers` ili ahariri kirahisi. sudo ikiona faili hilo linaandikika na kila mtu, hugoma kabisa, hata kwa amri ya kulirekebisha. Hapo jaribu `pkexec chmod 440 /etc/sudoers`. Ikikataa, washa upya, ingia GRUB (menyu ya kuwashia mfumo) kwa Esc (Shift kwenye BIOS ya zamani), chagua hali ya uokoaji, sheli ya root, `mount -o remount,rw /`, kisha chmod ileile.

kitasa: Imeshindwa kwa `-n`! Nilikuwa nimeiita `apt.kitasa`. Nabadilisha jina. Ila hoja ya Z imenitia shaka, `upgrade` naiacha iulize kwanza.

pwani09: Naomba kudandia: madirisha ya GNOME (mazingira ya eneokazi ya Ubuntu) yanayodai nenosiri ninapofungua diski, sudoers inayazima?

subira: Hapana, hiyo ni polkit, mfumo mwingine wa ruhusa, tofauti na sudo. Kanuni zake zinakaa `/etc/polkit-1/rules.d`, kwa JavaScript. Ni diski ya ndani au ya USB?