Je, kuchunguza vimeng'enya vya asidi amino ni kazi ya umri mzima?

Bint Langoni, Lamu
Assalamu alaykum. Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea biokemia, hasa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, vinavyounda na kuvunja asidi amino (vijenzi vya protini) mwilini. Babu yake, ambaye umri wake wote umekwenda kwenye uvuvi, ameniuliza swali lililonishinda: mtu atakaaje miaka arobaini akikichungulia kimeng'enya kimoja, na mwisho wake atafaidi nini? Ningependa kupewa mfano wa mtafiti halisi, si maneno ya kumtia moyo tu.

Mwalimu wa Kemia, Malindi
Wa alaykumu salaam, dada yangu. Mfano mzuri ni mwanabiokemia Hans Krebs, mzaliwa wa Ujerumani, ambaye wanafunzi wetu huukariri mzunguko wake (hatua ambazo seli hupata nishati kutokana na chakula) bila kuambiwa kwamba sifa yake ya kwanza ilitokana na mkojo. Asidi amino zinapovunjwa hutoa amonia, ambayo ni sumu, na ini huigeuza kuwa urea ili figo ziitoe. Yeye alitaka kujua ini hufanyaje hivyo. Katika maabara ya Otto Warburg mjini Berlin alikuwa amejifunza kukata vipande vyembamba vya tishu na kupima gesi inayotumiwa na kutolewa navyo. Huko Freiburg, yeye na Kurt Henseleit waliviweka vipande vya ini la panya katika maji ya chumvi yenye amonia, wakawa wanajaribu dutu moja baada ya nyingine. Walipotia onithini, ambayo nayo ni asidi amino, urea iliongezeka sana, lakini onithini yenyewe haikupungua. Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii: kitu kinachochochea bila kuliwa hakina budi kuwa kinarudi kilikoanzia, na kwa kuwa tangu 1904 ilijulikana kwamba kimeng'enya cha arijinesi huikata arijinini, asidi amino nyingine, ikawa urea na onithini, duara likakamilika mwaka 1932: onithini hupokea amonia ikageuka arijinini, nayo ikikatwa hurudi kuwa onithini.

Mwaka uliofuata alifukuzwa kazi kwa sababu ya Uyahudi wake, akahamia Cambridge, kisha Sheffield. Mwaka 1935 alieleza kimeng'enya cha figo kinachooksidisha asidi amino za umbo la D, yaani zile zinazofanana na zetu kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ule mzunguko wa nishati unaokaririwa shuleni ulifuata 1937. Jarida la Nature halikuuchapisha wakati ule, na tuzo ya Nobeli ikaja 1953. Mwambie Mzee kwamba hakukaa na kimeng'enya kimoja. Kila kimoja kilimvuta kwa kingine.

Fundi wa Maabara, Malindi
Ninaongeza dogo tu. Daktari anapoagiza kipimo cha ini, tunachopima ni pamoja na ALT na AST, vimeng'enya vinavyohamisha kundi la amino (sehemu ya asidi amino yenye nitrojeni) kutoka molekuli moja hadi nyingine, ambavyo huvuja kwenye damu seli za ini zinapoharibika. Uhamishaji huo ulielezwa na Braunstein na Kritzmann huko Moscow mwaka 1937, bila kumlenga mgonjwa yeyote.

Mkaguzi wa Samaki, Lamu
Kwa kuwa Mzee ni mvuvi, tumjibu kwa jodari. Nyama ya jodari na ya vibua ina histidini nyingi, ambayo ni asidi amino. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria wenye kimeng'enya maalumu huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, na mlaji huwashwa mwili, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamuuma. Moto wa jikoni hauiondoi. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, huweka kikomo cha miligramu 200 za histamini kwa kila kilo ya samaki.

Bint Langoni, Lamu
Ahsanteni sana. Nimemsomea Mzee majibu yote. Jodari wa kuwasha anamjua vizuri, ila wao wavuvi walisema ni damu ya mtu haipatani na samaki huyo. Sasa anauliza kama kumwosha kwa ndimu na chumvi kunasaidia.

Mkaguzi wa Samaki, Lamu
Histamini iliyokwisha kutengenezwa haitoki kwa ndimu wala chumvi. Barafu iwekwe mara samaki anapotolewa majini, kwa sababu hata bakteria wakifa baadaye, kimeng'enya walichokiacha kinaweza kuendelea na kazi. Mpwa wako akifika chuoni, aombe kukipima kimeng'enya hicho. Jodari wa kupimia, Mzee atampa.