Ati VM (kompyuta pepe ndani ya laptopu) haishiki mtandao kwa sababu Ubuntu (mfumo endeshi wake) ni YA BURE!!

Wadau, yule fundi wa Kondele mnamjua, yule wa miwani ya jua ndani ya nyumba. Saa hii tu, mdomo umejaa mandazi, ananiambia: "Haishiki kwa sababu Ubuntu ni ya bure." Ya bure! Na mia tano yangu keshaitia mfukoni.

VM iko kwenye briji (inaingia mtandaoni kama mashine ya pili), laptopu iko kwenye waifai. Hata omena wa Dunga wanajua waifai haipendi kadi moja ibebe anwani mbili za MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao). VirtualBox, programu inayoendesha VM, hujaribu kuziba hilo pengo, lakini kadi zingine hugoma kabisa. Unaandika `ip a`, enp0s3 (kadi ya mtandao ya VM) iko juu, IP (anwani ya mtandaoni) hakuna. Dawa: zima briji, weka NAT (VM ipitie mtandao wa laptopu), upate 10.0.2.15. Dakika moja! Yeye anatafuna tu: "ya bure".

KebolYaBluu: Mkuu, mia tano kwa menyu moja? Wa bure ni wewe. Pingi (gonga uone kama inajibu) 10.0.2.2, lango la NAT, kwanza. Ikijibu, pingi 8.8.8.8 ya Google. Nayo ikijibu na majina hayafunguki, basi ni DNS (inayogeuza majina kuwa IP), angalia `resolvectl status`.

Mwenye uzi: Sijauliza DNS! Nimesema MANDAZI MDOMONI!

MamaPaketi: Afadhali huyo. Wetu wa Nakuru alikloni (alinakili) VM nne, zote MAC moja, zinanyang'anyana IP kama makanga na abiria. Ukikloni, agiza MAC mpya kwa adapta zote. Na kwa Ubuntu ya seva hiyo haitoshi: machine-id (kitambulisho cha mfumo) zikifanana, ruta inaweza kuzipa IP ileile. Ndani ya kila kloni piga `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`, halafu washa upya.

KebolYaBluu: Na kwa NAT usishangae SSH (kuingia VM kwa amri) ikikataa kutoka laptopu. Elekeza poti 2222 ya laptopu kwenda 22 ya VM.

Mwenye uzi: Alisema ya bure, jamani. YA BURE.

Shinyalu_root: Nyinyi mnalilia IP? Huku Kakamega mvua ya alasiri ikianza tu, stima kwaheri. Ikirudi, diski ya VM inasomeka tu, haiandikiki. Fsck (kukagua diski) kila jioni kama sala.

MamaPaketi: Nunua UPS (betri ya akiba), ndugu.

Shinyalu_root: Nitumie pesa basi.

KebolYaBluu: Kwani hayo mandazi ni ya wapi?

Mwenye uzi: Pale pale stejini. Shilingi kumi, ndani hewa tupu.

Shinyalu_root: Hayo ni mandazi pepe.