Tunatafuta wa kuongoza upanuzi wa vilabu vya vijana Kusini: tudai uzoefu gani?

BintiNangoo

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari zenu.

Nipo Masasi, naratibu vilabu vya vijana wa nje ya shule, wa kike na wa kiume, miaka 15 hadi 22. Tuna vilabu 26, Masasi na Newala. Kila klabu ina waelimishaji rika wawili, msichana na mvulana, na vijana hukutana mara mbili kwa wiki: siku moja stadi za maisha na afya ya uzazi, siku ya pili akiba na hesabu za biashara ndogo. Matunda tunayaona. Wapo mabinti waliozaa ambao wamerudi shule baada ya waraka wa elimu wa 2021 kuwafungulia mlango. Vipo vikundi vilivyosajiliwa na kupata mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, na vinarejesha.

Sasa mfadhili amekubali tupanuke kwenda Nanyumbu, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa na Tunduru, vilabu vifike 200 ndani ya miaka mitatu. Sharti lake ni tuajiri mkurugenzi wa upanuzi. Rasimu ya tangazo la kazi nimepewa niipitie kabla bodi haijakaa. Inadai shahada ya uzamili, miaka 10 ya "uongozi wa juu", usimamizi wa bajeti ya mabilioni na Kiingereza fasaha. Hakuna hata mstari unaouliza kama mtu huyo amewahi kufanya kazi na vijana, au kama anajua kwamba kuanzia Oktoba huku watu wote wako mashambani na korosho, na Desemba ni msimu wa jando na unyago, klabu ya watu 25 ikibaki na watu sita ni jambo la kawaida.

Wakati huohuo siwezi kuiambia bodi kwamba uzoefu wa kijijini peke yake unatosha. Vilabu 26 naviendesha kwa simu na pikipiki. Mia mbili haviendeshwi hivyo.

Naomba mnisaidie: ni uzoefu gani wa uongozi ambao bila huo upanuzi wa namna hii hausimami? Na kwenye usaili tutautambuaje?

---

Masurufu_Dom

Habari dada. Usilifute lile sharti la fedha kwa sababu limeandikwa kwa majivuno. Nimekagua mashirika ya vijana yaliyokua haraka, na panapovunjika ni palepale: masurufu, yaani fedha za kazi zinazotolewa kabla, yametumwa wilaya tano, hesabu za marejesho hazijafika, stakabadhi za nauli zimeandikwa kwa mwandiko mmoja, mfadhili anasimamisha awamu inayofuata, waelimishaji rika wanakaa miezi bila posho na klabu inakufa huku nia ikiwa nzuri. Andikeni wazi kwamba mnataka mtu aliyesimamia fedha zinazotumika na watu wengi, kidogokidogo, mbali na makao makuu. Kusimamia mabilioni yanayolipwa kwa mkandarasi mmoja ni kazi nyingine kabisa.

---

MstaafuMufindi

Marahaba binti yangu. Nimestaafu idara ya maendeleo ya jamii, Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekuwa akiyapokea mashirika yakija wilayani na miradi yao.

Ningeuliza jambo moja kabla ya mengine yote: mtu huyu amewahi kufanikisha kazi kupitia watu asiowaajiri, asiowalipa na asioweza kuwafukuza?

Leo unamjua kila mwelimishaji rika kwa jina, na nyumbani kwao unapajua. Vilabu vikifika 200, kati ya mkurugenzi wako na kijana kutakuwa na ngazi tatu, na katikati amekaa afisa maendeleo ya jamii wa kata ambaye mwajiri wake ni halmashauri. Afisa huyo ana marejesho ya ile mikopo ya kufuatilia, ana kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ana lishe, na ana fomu za kila shirika lililowahi kupita katani kwake. Klabu yako isipokuwa sehemu ya kazi anayopimwa nayo, atakuja siku ya uzinduzi, atapiga picha, na hutamwona tena. Kumpata mtu huyo akawa wenu kunahitaji kiongozi aliyekaa kwenye mabenchi ya ofisi za kata, akapigwa kalenda, akajua nani anasikilizwa na nani.

Kwenye usaili muulizeni swali dogo: ukitaka posho ya usimamizi wa vilabu iingie kwenye bajeti ya halmashauri, unaanza kubisha hodi mwezi gani? Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi. Anayejibu "Mei" hajawahi kuifanya kazi hii, maana Mei Bunge liko katikati ya kupitisha bajeti na madiwani walishamaliza yao kitambo. Aliyeifanya atakutajia Novemba au Desemba, tena atakueleza habari za afisa mipango na vikao vya kata bila kuulizwa.

La pili ni kujua kipi hakikatwi. Hapa nina mfano ninaoutoa kila mahali kwa sababu unatuhusu. BRAC, shirika la maendeleo lenye asili ya Bangladesh, walianzisha vilabu vya wasichana Uganda mwaka 2008. Klabu ilifunguliwa mchana baada ya saa za shule, siku tano kwa wiki, chini ya binti wa hapohapo kijijini aliyewazidi wenzake umri kidogo, na walifundishwa stadi za maisha pamoja na ufundi wa kujipatia kipato. Watafiti walilinganisha vijiji vyenye klabu na visivyo nayo. Baada ya miaka minne mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa karibu theluthi, na mabinti wenye shughuli za kipato wameongezeka kwa karibu nusu. Vilabu hivyo vikaja Tanzania, chini ya shirika lilelile. Tathmini ya huku haikukuta mabadiliko ya namna hiyo, na watafiti wakaelekeza kwenye utekelezaji na ufinyu wa rasilimali.

Lisome hilo polepole, binti, kabla hujakubali namba 200. Mwongozo wa mafunzo unahama kwa siku moja kwenye barua pepe. Kazi ni kumpata yule binti kiongozi, kumlea, na kuhakikisha klabu inafunguliwa siku iliyosemwa. Fedha zikibana, na zitabana, kiongozi asiye na uzoefu atakata kila kitu kidogokidogo ili asimuudhi mtu: mara mbili kwa wiki inakuwa mara moja, waelimishaji wawili wanakuwa mmoja, mafunzo ya siku tano yanakuwa ya siku mbili. Kwenye ripoti bado vitahesabiwa vilabu 200. Muulizeni mwombaji: ulipobanwa, ulikata nini, na ulikataa kukata nini ingawa uliombwa? Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo itakayowaonyesha mtu mliyenaye.

Mfano wa karibu zaidi ni mpango wa Ujana Salama, uliofanyika Rungwe, Busokelo, Mufindi na Mafinga kwa ushirikiano wa TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), TACAIDS (tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI) na UNICEF. Walengwa walikuwa vijana wa kaya ambazo tayari zilikuwa TASAF, wakapewa mafunzo ya wiki 12, kisha mlezi wa kuwafuata kwa miezi tisa, na ruzuku ndogo ya kuanzia shughuli. Ninachokupendea ukitazame pale ni kwamba ulipita kwenye mfumo wa serikali tangu siku ya kwanza. Hakukuwa na siku ya "kukabidhi mradi", siku ambayo nimeihudhuria mara nyingi mno kwa miradi mingine, yenye keki na hotuba, na baada yake kimya. Mtu aliyewahi kufanya kazi ndani ya mpango wa namna hiyo, hata kama cheo chake kilikuwa mratibu wa wilaya tu, ningemweka mbele ya mkurugenzi wa kampuni kubwa.

Na mpeni ripoti. Chukua ripoti mbili halisi za klabu, za mwezi Novemba, futa majina. Moja mahudhurio asilimia 100, nyingine asilimia 30. Mwacheni azisome kwa robo saa, kisha aseme angempigia nani simu kwanza na angeuliza nini. Akianza kwa kumpongeza wa asilimia 100, mshukuruni kwa kuja.

---

MwalimuKakamega

Salamu kutoka Kenya. Nakubaliana na Mzee kwa mengi, lakini kuna pahali ningemwongezea tahadhari. Huku kwetu tulijaribu kupanua mpango wa walimu wa kandarasi katika shule za msingi. Utafiti ulipangwa hivi: shule nyingine mpango ulisimamiwa na shirika la World Vision, nyingine na Wizara ya Elimu, mikoa yote. Mpango ni ule ule. Pale shirika liliposimamia, alama za watoto zilipanda. Pale Wizara iliposimamia, hazikusonga. Mishahara ilichelewa zaidi upande wa serikali, na chama cha walimu, KNUT, kilikuwa kinaupinga mpango wenyewe.

Kwa hivyo dada, kupitia serikali ni sawa, ila kiongozi wako awe amewahi kukutana na watu wanaopinga kwa sababu zao halali, akakaa nao chini. Walimu wetu hawakupinga kwa ubaya. Mtu alikuwa analetwa kufanya kazi yao kwa malipo madogo zaidi. Nyinyi pia mtakuta wapinzani: mashehe na wachungaji wenye shaka na somo la afya ya uzazi, makungwi wanaoona nafasi yao imechukuliwa. Na posho za waelimishaji rika msizipitishe halmashauri mwaka wa kwanza. Zikichelewa miezi miwili, umepoteza vijana wako bora.

---

DadaWaKlabu

Shikamoo Mzee, hongera kwa kazi dada. Mimi nilianza kama mwelimishaji rika, leo naratibu wilaya nzima katika shirika jingine. Nashangaa hakuna aliyeuliza kama mtu huyo yumo ndani tayari. CAMFED, shirika la kusomesha wasichana, ilianza Zimbabwe mwaka 1993 kwa kuwasomesha wasichana 32. Angeline Murimirwa alikuwa mmojawapo, na leo ndiye mtendaji mkuu wa shirika zima. Hapa Tanzania wapo tangu 2005, na kazi inabebwa na wasichana waliosomeshwa wanaorudi shuleni kuwaongoza wadogo zao. Angeline hawakumtoa kijijini Jumatatu wakamkalisha kiti cha mkurugenzi Jumanne. Alipita ngazi baada ya ngazi kwa miaka mingi. Kama bodi lazima imwajiri mtu wa nje, basi kwenye mkataba wake muandike kwamba naibu wake atoke vilabuni, na kumwandaa naibu huyo kiwe kipimo cha kazi yake kila mwaka. Na kwenye jopo la usaili wakae waelimishaji rika wawili wenye haki ya kutoa alama, wasiitwe kuja kuimba tu.

---

BintiNangoo

Asanteni sana, nimeyanakili yote. Shahada ya uzamili nitaomba iwe "ni faida" badala ya "ni lazima". Pendekezo la jopo nalipeleka hivyohivyo.

Mzee, niruhusu swali moja la nyongeza. Mfadhili anataka wilaya zote tano zianze mwaka wa kwanza ili namba zionekane. Mkurugenzi mpya atakuta hilo limeshaandikwa. Nifanye nini?

---

MstaafuMufindi

Liandikwe upya kabla hajaja, maana mtu mwenye uzoefu mnaoutafuta atalikataa au ataikataa kazi. Mwaka wa kwanza nendeni Nanyumbu na Nachingwea, ambako waelimishaji wenu wa Masasi wanaweza kufika na kurudi. Tandahimba na Ruangwa mwaka wa pili. Tunduru iwe ya mwisho: baada ya Mtwara na Lindi ni mkoa wa tatu, Ruvuma, katibu tawala mwingine tena, na eneo lake ni kubwa mno. Mfadhili umpelekee ile habari ya Uganda na Tanzania kama nilivyokueleza. Wengi wao wanaijua na hawapendi kuwa mfano wa pili. Na barua za utambulisho kwa wakurugenzi wa Nanyumbu na Nachingwea zitumeni sasa, bodi ikisubiriwa, kwa sababu zitakaa masjala wiki kadhaa.