Mtoto anasema "wati" badala ya "miti": nimsahihishe?

Habari wadau. Mtoto wa miaka 3 anasema "wati wengi", na kwake "jana" ni siku yoyote iliyopita. Yanachekesha na sitaki yapotee. Niyahifadhi vipi, na nimsahihishe?

Jibu la 1
Usimkatize, mkuu. Hapo kuna akili kubwa: kasikia mtu–watu, akaipeleka kanuni hiyohiyo kwenye mti. Asiyejua kanuni hawezi kukosea hivyo! Mrudishie tu neno sahihi ndani ya jibu: "Ee, miti mingi kweli, na ule mrefu je?" Ukimlazimisha arudie, ananyamaza. "Jana" nayo itajipanga taratibu. Muda haushikiki wala hauonekani.

Jibu la 2
Kuhifadhi: andika papo hapo, maana baada ya saa moja utakuwa umeshamnyooshea sarufi bila kujua. Weka tarehe, umri kwa miaka na miezi, maneno yake yalivyo, na kilichotangulia. "Mwezi umetufuata" bila kutaja kwamba mlikuwa kwenye gari usiku hauna ladha.

Jibu la 3
Naongezea: msimwambie "hebu sema tena" mbele ya wageni. Anaona aibu, au anaanza kuigiza.