Kaburi la baba linahamishwa, mama anauliza siku ya mwisho baba ataamkia wapi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nipo Mbeya. Nyumba ya wazazi wangu iko kando ya barabara kuu na barabara inapanuliwa. Fidia ya nyumba haina maneno, tumeshaelewana. Shida ni kaburi la mzee. Alifariki 1994, tukamzika nyuma ya nyumba kwenye migomba, maana sisi Wanyakyusa mtu wako unamzika nyumbani. Sasa limepigwa X nyekundu.

Wadogo zangu wanataka apelekwe makaburi ya mjini kwa kuwa ni karibu. Mimi nawaza Tukuyu, kwa babu. Mama ana miaka 78, Mmoraviani wa kuzaliwa, hataki kusikia habari hiyo. Juzi usiku akaniambia: "Mwanangu, mkifukua mkakuta udongo mtupu, mtahamisha nini? Na parapanda ikilia, baba yako ataamkia barabarani au huko mlikompeleka? Mimi nafasi yangu nilishaichagua pembeni yake. Nilitaka nikiamka nimwone."

Kanisani mimi ni mtu wa Krismasi na Pasaka tu, sitaki kumjibu uongo. Nimwambie nini? Mwenye matusi apite.

Mkulima wa Isongole:
Pole sana mkuu. Kwanza mtoe hofu kwamba kuhamisha mifupa ni dhambi. Yusufu aliwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake watakapotoka Misri (Mwanzo 50:25). Musa akaibeba, akazunguka nayo nyikani miaka 40, mwisho ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32). Waebrania 11:22 inalihesabu agizo hilo kuwa ni imani.

La udongo mtupu, Paulo aliwajibu Wakorintho swali hilohilo: wafu hufufukaje, na huja na mwili gani? Soma 1 Wakorintho 15 kuanzia 35. Jibu lake ni la mkulima. Mbegu usipoizika haioti, na kinachoota si ile punje uliyoizika. Nenda shambani Februari ukafukue shina la mahindi, uone kama utaikuta punje ya Desemba. Nani amewahi kulia kwamba mbegu yake imepotea?

Mzee Kijiwe:
Mfu ni mfu. Chukueni fidia, mengine hadithi.

Kamwene255:
Mzee Kijiwe, umeambiwa upite, umekaa.

Mkuu, huku Iringa tunalo la kwetu. Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa 1898, kichwa Wajerumani wakaondoka nacho, fuvu likarudishwa 1954. Leo fuvu lipo Kalenga na kaburi lipo Mlambalasi. Mkwawa hakuwa Mkristo, najua. Ila utotoni tulikuwa tunamsumbua bibi, Mkatoliki wa Tosamaganga, kwa swali hilo la mama yako: sasa huyu ataamkia wapi? Bibi alikuwa anapepeta mahindi, hata hakuinua macho. "Aliyemuumba hakuanza na mfupa." Akaendelea kupepeta.

Msabato wa Uyole:
Mwambie mama wafu wamelala, hawajui neno lolote, Mhubiri 9:5. Kwa mzee, tangu 1994 mpaka asubuhi ile ni kama kufumba na kufumbua. Hata kama amehamishwa, hajui.

Kamwene255:
Na yule mwizi msalabani aliyeahidiwa peponi siku ileile? Sisi tunawaombea marehemu wetu kila Novemba 2, hatuombei waliolala fofofo.

Msabato wa Uyole:
Ndugu, hilo tulifungulie uzi wake. Hapa kuna mama wa watu.

Ndaga Fijo:
Mmoraviani mwenzangu, mbona jibu mnalo nyumbani? Alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini kukiwa bado giza, umande unalowesha viatu, tarumbeta zinapigwa, jua linatukuta katikati ya makaburi tukiimba. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, 1732, na wamisionari wa kanisa hilo wakafika Rungwe 1891. Mama yako amesimama pale tangu akiwa mgongoni mwa bibi yako. Usimfundishe ufufuo. Muulize, "Mama, Pasaka mnakwenda kule kufanya nini?" Halafu nyamaza umsikilize.

Mama Wawili (Makambako):
Nimesoma yote. Jamani wanaume, mistari mmemwaga, ila hamjamsikia huyo mama. Kasema nafasi yake alishaichagua. Amekaa miaka yote hiyo akijua atalala wapi, leo mnampelekea mumewe mjini ambako kesho yake pembeni atazikwa mtu asiyemjua. Hata mimi ningegoma. Mpelekeni mzee Tukuyu na mpime nafasi mbili, mama akiwepo, aone kwa macho yake.

Sisi tulimhamisha shangazi. Tulianza alfajiri, mchungaji akaomba kabla jembe halijagusa, watu wa afya walikuwepo. Tulikuta mifupa michache na vifungo vya koti. Tuliviweka kwenye jeneza dogo juu ya shuka jeupe, na ule udongo mweusi wa pale alipolala tukauchota pia, hatukuacha. Mjomba ndiye aliyelia, sisi tuliodhaniwa tutazimia tulikuwa kimya. Na msijibebeshe gharama: ipo sheria ya kuhamisha makaburi ya 1969, inagusa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya, hata ibada au matambiko. Ulizeni kwa maandishi.

Mwenye uzi:
Wakuu, nimerudi. Ndaga fijo, asanteni sana.

Jana nilimuuliza mama la Pasaka kama nilivyoelekezwa. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe huwa unasikiliza." Akaimba ubeti mmoja, akakatisha, akaniuliza Mungu atautoaje mwili kwenye udongo. Nikamwambia la mahindi. Akasema hilo analijua, alitaka kuona kama mimi nalijua.

La nafasi mbili ndilo lililomfanya ainuke kitandani. Wadogo zangu wamekubali Tukuyu, mmoja bado ananung'unika kuhusu nauli. Mama ametoa masharti matatu: udongo uchukuliwe, mchungaji wake ndiye aombe, na yeye awe upande wa kulia kama walivyokuwa wakilala.

Jumamosi tunapanda kupima. Mwenye kujua urefu wa kawaida wa kaburi la watu wawili wanaolala sambamba, anisaidie, fundi ameniuliza na sikuwa na jibu.