Naomba ushauri: paa la chuma na vioo kwenye modeli

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza modeli ya makumbusho ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, lile jengo la wasanifu majengo Deane na Woodward lililofunguliwa 1860. Kuta za kadibodi tayari. Hata nguzo za mawe, kila moja jiwe la aina yake, nimezipaka rangi tofauti. Kinachonitoa jasho ni paa la vioo. Matao ya waya mwembamba yamepinda yote. (Hata wajenzi wa jengo lenyewe yaliwakuta: chuma cha kwanza kilielemewa na uzito, wakarudia kwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu.) Vijiti vya mishikaki nikivikunja vinavunjika. Matao niyatengeneze kwa nini? Na badala ya kioo, plastiki gani haikunjamani ikipakwa gundi?